Mstari Mmoja wa Kupaza Sauti: Ushauri kwa Waandika Mabango wa Masalani

Bango halisomwi na mtu aliyesimama mbele yake akilipiga picha. Husomwa na aliye juu ya bodaboda, jua la saa saba likimkazia macho na vumbi la lori lililotangulia halijatulia. Ana sekunde mbili au tatu, kisha amepita. Katika mji kama Masalani, makao ya kaunti ndogo ya Ijara, msomaji wa namna hiyo ndiye mteja mwenyewe: mfugaji aliyeteremka kutoka Hulugho au Sangailu, mgonjwa anayeulizia hospitali, abiria anayetaka kuvuka Tana aelekee Hola, afisa aliyetumwa kutoka Garissa na hajawahi kufika huku.

Kwa ajili ya msomaji huyo, vijana wa saiba na wachoraji wa brashi wameichangamkia herufi ya aina moja. Ni nene, imelala upande wa kulia, na ncha zake zina vikanyagio vipana vya mraba. Herufi yenyewe haina kosa. Kosa huja pale bango zima linapoandikwa kwayo, kuanzia jina la duka, orodha ya bidhaa, namba ya simu na bei, hadi onyo la kutoegesha pikipiki mlangoni. Kila mstari umepaza sauti, na hakuna unaosikika. Wahenga walishasema, mwenye kelele hana neno.

Herufi nzito ya mlazo yenye vikanyagio ni mpiga debe wa bango. Mpiga debe anayeijua kazi yake hutaja kituo na nauli, basi. Hakusomei masharti ya mizigo wala jina la mwenye gari. Ushauri wangu wote umo humo: mpe neno moja hadi manne ayaseme kwa nguvu, na mengine yote yasimame wima. Yanayofuata ni sababu za kufanya hivyo na namna ya kufanya.

Herufi tunayoizungumzia

Fungua kitabu chochote cha shule utazame herufi I kubwa. Ncha zake za juu na chini zimefungwa kwa vistari vidogo. Wachapaji huviita serifu. Katika vitabu vingi serifu ni nyembamba na zimechongoka. Zikinenepeshwa hadi zikaribie unene wa nguzo ya herufi yenyewe, na ncha zake zikakatwa wima bila kuchongwa, huwa ni serifu za slabu. Umeziona mara nyingi bila kujua jina lake. Neno SONY kwenye redio limeandikwa hivyo, na vilevile neno HONDA kwenye jenereta na pampu za kuvuta maji ya mto. Barua za serikali za zamani, zilizopigwa kwa mashine za taipu, nyingi zilikuwa na herufi za ukoo huohuo, ila nyembamba.

Juu ya slabu hiyo huongezwa mambo mawili: unene na mlazo. Ni vizuri kuyatenganisha akilini, kwa sababu kila moja lina kazi yake. Slabu huishikilia herufi kwenye mstari na kulisaidia jicho kuteleza kutoka herufi moja hadi nyingine. Unene huifikisha mbali. Mlazo hutoa mwendo, na hutofautisha neno moja na majirani zake. Slabu na mlazo huvutana: vikanyagio vinaigandamiza herufi chini, na mwili unaegemea mbele. Mvutano huo ndio unaoipa herufi hii nguvu, na ndio unaolichosha jicho upesi inapojaza ukurasa.

Ilizaliwa ukutani

Herufi za slabu hazikutengenezwa kwa ajili ya vitabu. Zilitokea London mwanzoni mwa karne ya 19, wakati matangazo ya biashara yalipoanza kujaza kuta na wachapaji wakatafuta herufi za kushindana na kelele za mtaa. Kitabu cha sampuli cha Vincent Figgins cha mwaka 1815 ndicho hutajwa mara nyingi kuwa cha kwanza kuzionyesha. Alizichonga kwa herufi kubwa peke yake, kwani aliyeandika tangazo hakuhitaji zaidi.

Mwaka 1845 Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street, London, akatoa Clarendon. Aliisajili chini ya sheria ya usanifu ya wakati ule, iliyompa kinga ya miaka mitatu tu. Kinga ilipokwisha, washindani wakainakili. Kinachotuhusu zaidi ni kazi aliyoikusudia. Clarendon ilitengenezwa ikae pamoja na herufi za kawaida na kukoleza neno moja moja ndani ya ukurasa, kama kidahizo kinavyokolezwa katika kamusi. Tangu mwanzo, basi, uzito wake ulikuwa wa neno, haukuwa wa ukurasa.

Mlazo una safari yake. Huko Venice, mwaka 1501, mchapaji Aldus Manutius alichapisha kitabu kizima kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Karne zilivyosonga, mlazo uliacha kubeba vitabu vizima ukawa msaidizi, wa kutofautisha jina la kitabu, neno la kigeni au neno la kusisitizwa. Fonti nyingi za ukoo wa Clarendon ziliuzwa miaka mingi bila mlazo wowote. Slabu, unene na mlazo ni vitu vitatu vilivyokutana baadaye, na kila kimoja kilikuja kikiwa na desturi ya kutumika kidogo. Ukivipanga vyote mstari baada ya mstari, umeibeba historia yao kinyumenyume.

Mlazo wa kweli na mlazo wa kusukumwa

Hapa ndipo pesa nyingi za uchapishaji hupotea. Ukibonyeza kitufe cha mlazo kwenye kompyuta, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. Ikiwa fonti ina faili yake ya mlazo, programu itaileta, na hiyo ni herufi iliyochorwa na mtu aliyeketi akairekebisha. Ikiwa haina, programu nyingi zitaichukua herufi ya wima na kuisukuma upande kwa hesabu. Kitufe cha unene nacho ni hivyohivyo: faili ya herufi nzito isipokuwepo, programu huinenepesha herufi pande zote hadi matundu yake yazibe.

Herufi iliyosukumwa ina dalili. Tazama O: kona ya juu kulia na ya chini kushoto zimenenepa, na zile mbili nyingine zimekonda, kana kwamba yai limekanyagwa. Tazama vikanyagio vya n na m: pale nguzo iliyolala inapokutana na slabu, upande mmoja una pembe finyu na wa pili una pembe pana. Msanifu mzuri huipunguza nyama katika pembe ile finyu ili wino usijae. Kompyuta haijui hilo. Ukichapisha kwa wino mwingi juu ya turubai la bei nafuu, pembe finyu zote huziba, na m hugeuka kipande cheusi chenye mikwaruzo.

Msanifu hurekebisha mengine pia. Kwa kuwa jicho huuona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko wa kusimama hata vikiwa na kipimo sawa, slabu hupunguzwa kidogo iwe nyembamba kuliko nguzo. Katika a, e, s na g, zenye tabaka tatu za wino katika kimo kidogo, mistari ya katikati hukondeshwa ili matundu yapumue. Mlazo wenyewe mara nyingi huwekwa kati ya nyuzi 8 na 12. Chini ya hapo hauonekani kwa mbali. Ukizidi sana, herufi inaonekana inaanguka.

Fonti za kuchagua

Huna haja ya kununua. Katika Google Fonts zipo fonti za slabu zenye leseni huria, zinazoruhusu kutumiwa hata kwa biashara, na zenye mlazo mzito uliochorwa na msanifu. Zilla Slab, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mozilla na kutolewa 2017, ina mlazo mwepesi kusomeka. Arvo ina sura nne tu, yaani ya kawaida, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo, na hilo linamtosha mwenye duka. Bitter na Aleo zina mlazo wenye mikunjo kidogo ya mwandiko wa mkono. Zinafaa kwa mwaliko au cheti kuliko ukuta.

Kama kompyuta yako ina Microsoft Office, huenda tayari unayo Rockwell, iliyotolewa na Monotype mwaka 1934. Ina mlazo wake mzito, na umbo lake la duara na mraba hustahimili uchoraji wa brashi. Jihadhari na Roboto Slab. Ni fonti nzuri na imeenea, lakini haina mlazo. Ukiona imelala kwenye bango, ujue imesukumwa.

Kabla ya kuchagua, andika maneno mawili yenye herufi ngumu, kwa mfano “maganjwa sagee”, kwa fonti mbili tatu, uyachapishe kwa ukubwa uleule. Hayana maana, na ndiyo maana yanafaa: jicho litatazama maumbo badala ya kukisia neno.

Kiswahili, Kisomali na Kiarabu kwenye kibao kimoja

Ushauri mwingi wa herufi umeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya Kiingereza. Sisi tuna hesabu nyingine.

Kiswahili kimejaa a. Katika fonti nyingi za wima, a ndogo ina kichwa juu na tumbo chini, na huwezi kuichanganya na o. Katika mlazo, fonti nyingi huibadilisha iwe duara lenye mkia. Ikiwa nzito, kwa mbali, duara hilo huonekana kama o. Mwenye hoteli anayetaka kutangaza nyama choma akajikuta anatangaza nyama chama atachekwa. Mhazini wa chama akiitwa mhazini wa choma atachekwa zaidi. Chagua fonti ambayo a yake ya mlazo imebaki na kichwa, au iandike hiyo mistari miwili mitatu kwa herufi kubwa.

Maneno yetu pia ni marefu. “Karibuni” inabebeka kwa mlazo mzito. “Yanayopatikana” haibebeki, ikilala inachukua upana wa bango, na mchoraji huanza kuibana herufi moja moja kadiri ukingo unavyokaribia. Liache neno refu lisimame wima kwa unene wa kawaida, au tafuta neno fupi.

Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini nchini Somalia mwezi Oktoba 1972, kwa tahajia ya Shire Jama Ahmed isiyo na nukta wala alama juu ya herufi. Kwa hiyo fonti yoyote uliyoichagua kwa Kiswahili itakiandika Kisomali bila kukosa herufi. Ugumu uko katika irabu ndefu zinazoandikwa mara mbili, kama katika dukaan au caano. Serifu za slabu za aa mbili nzito hugusana miguuni, na jozi hiyo inasomeka kama herufi moja isiyojulikana. Tanua nafasi kati ya herufi iwe kubwa kidogo kuliko kompyuta ilivyopendekeza. Kanuni hii ni ya slabu zote nzito, lakini kwa Kisomali ni ya lazima.

Iangalie pia ile alama ndogo ya juu. Ng'ombe wa Kiswahili anaihitaji, na lo' wa Kisomali, ambaye ni ng'ombe yuleyule, anaihitaji mwishoni. Katika mlazo mzito alama hiyo humezwa na herufi ya jirani. Katika eneo la wafugaji, bucha lisiloweza kuandika jina la mnyama wake limeanza vibaya. Ipe alama nafasi yake pande zote mbili.

Kiarabu kiachwe kisimame kama kilivyo. Huenda kipo juu ya kibao cha madrasa, au katika jina la duka. Kukibonyezea kitufe cha mlazo hukisukuma kuelekea kulia, kinyume na mwelekeo wake wa kusomwa. Ukitaka kionekane kizito sawa na Kilatini kilicho chini yake, chagua fonti ya Kiarabu yenye unene, au kiongeze ukubwa.

Inapofaa

Mashindano ya kandanda ndiyo nyumbani kwake. Tangazo la fainali ya vijana lina neno la kupaza, yaani FAINALI, na labda majina ya timu mbili. Hapo mlazo mzito unasema mwendo na ushindani. Tarehe, uwanja na kiingilio vikae chini, wima. Namba za mgongoni kwenye jezi ziwe slabu nzito zilizosimama. Refa anatakiwa kuzisoma kutoka ng'ambo ya uwanja.

Jina la biashara fupi linaibeba vizuri. Tuseme una gereji, duka la vipuri vya pikipiki au huduma ya usafirishaji: kazi yenyewe ni ya mwendo, na mlazo unaongeza maana. Duka la vitabu au ofisi ya wakili haina haja ya kukimbia. Slabu nzito iliyosimama itasema uimara, ambao ndio mteja wa wakili anautafuta.

Tisheti na stika huipenda kwa sababu za kiufundi. Mashine ya kukata stika na wavu wa kuchapia vitambaa vyote havipendi mistari myembamba. Stika inang'oka pale ilipokonda, na rangi hukatika. Slabu nzito haina mahali palipokonda. Kwa sababu hiyohiyo herufi za slabu hufaa kwenye muhuri wa mpira, ambao hutawanya wino kila unapogongwa. Ila kwenye muhuri ondoa mlazo: nafasi ni ndogo mno, na pembe finyu zitajaa wino kabla ya mwezi kwisha.

Mabango ya siasa yatarudi kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na wachoraji watapata kazi. Mshaurini mgombea. “Kibaki Tosha” ya mwaka 2002 ilikuwa maneno mawili, na nchi nzima iliyashika. Neno la wito lilazwe na kunenepeshwa; jina la mgombea lisimame wima, kubwa, kwa sababu hilo ndilo mpiga kura atakalolitafuta kwenye karatasi ya kura, ambako halitakuwa limelala. Ahadi za ilani zisiguswe na mlazo kabisa.

Hifadhi za wanyama nazo zina la kujifunza. Jirani na Masalani iko Ishaqbini, hifadhi ya jamii iliyoanzishwa kumlinda hirola, swala adimu ambaye makazi yake ya asili ni eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 2012 sehemu yake ilizungushiwa uzio kumkinga hirola na wanyama wawindaji. Huko Marekani, kwa miongo kadhaa, vibao vya barabarani katika hifadhi za taifa viliandikwa kwa Clarendon. Slabu yake iliyosimama ilisomeka na ilikuwa na sura yake, msafiri akajua yuko hifadhini kabla ya kusoma neno. Jamii yoyote inayotaka vibao vinavyotambulika inaweza kufuata njia hiyo: slabu ya wima kwa majina ya mahali, na mlazo mzito kwa jina la mnyama mmoja tu.

Inapodhuru

Namba za aina yoyote zisilazwe. Namba ya till ya M-Pesa, namba ya simu, bei kwa kilo: hizo si za kukisia. Neno likifichika herufi moja, msomaji hulikamilisha kwa maana. Namba haina maana ya kuikamilisha. Katika slabu nzito ya mlazo 3 hufanana na 8, 6 na 8 huzibana matundu, na 5 huegemea 6. Mteja akikosea tarakimu moja, pesa zimekwenda kwa mtu mwingine. Andika namba wima, kwa unene wa wastani, na uzikate katika mafungu ya tatu tatu au mbili mbili.

Tahadhari ya afya na maafa inahitaji utulivu. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo Garissa, na Ijara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Novemba 2023 Tana ilifurika hadi barabara ya Garissa na Madogo ikakatika. Tangazo la nyakati kama hizo lina maagizo: usichinje mnyama mgonjwa, usiguse damu, hamia mahali pa juu. Neno TAHADHARI linaweza kukolezwa, hata kulazwa. Maagizo yenyewe yawe wima, mafupi, kila moja kwenye mstari wake. Msomaji mwenye hofu husoma polepole kuliko kawaida, na anayemsomea mzee wake kwa sauti hatakiwi kujikwaa.

Watoto na wasomaji wapya wapewe herufi wima. Shirika la British Dyslexia Association la Uingereza, linalowahudumia watu wenye ugumu wa kusoma, hushauri kuepuka mlazo na pia kuepuka kupigia maneno mstari. Darasa la gumbaru, chati ya ukutani na maandishi ya dawa ya mtoto vifuate ushauri huo.

Kibao chenye mshale wa kushoto nacho kikae wima. Mlazo unasukuma jicho kulia. Mshale unalivuta kushoto. Dereva mgeni asiombwe kuamua yupi anasema kweli.

Kwa mchoraji wa brashi

Mwenye brashi ana uhuru ambao kompyuta haina, lakini anahitaji vipimo. Chukua herufi kubwa ya kimo cha sentimita 20. Nguzo iwe sentimita 4, yaani sehemu moja ya tano ya kimo. Slabu iwe kati ya sentimita 3 na 3.5. Kwa mlazo wa nyuzi 10, sehemu ya juu ya nguzo isogee sentimita 3.5 kulia kuliko sehemu ya chini. Kata kadibodi yenye mteremko huo uitumie kwa kila nguzo, maana jicho huchoka na kufika herufi ya nane mlazo umeshabadilika.

Slabu zenyewe zibaki sambamba na mstari wa chini. Nguzo ndiyo inayolala, kikanyagio hakilali. Mchoraji akikizungusha kikanyagio pamoja na nguzo, neno zima litaonekana linapanda kilima. Herufi za duara kama O na G zipite mistari ya juu na chini kwa milimita 3 au 4; zikiishia kwenye mstari sawasawa, zitaonekana fupi kuliko wenzake. Tundu lolote la ndani lisipungue nusu ya unene wa nguzo. Likipungua, punguza unene wa herufi zote badala ya kuipunguza moja.

Kuhusu ukubwa, mafundi wengi hufuata kanuni ya sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Anayetakiwa kusoma akiwa mita 30 anahitaji herufi ya sentimita 25. Kanuni hiyo ni ya herufi wima iliyo wazi. Kwa mlazo mzito ongeza kidogo, au punguza maneno. Kupunguza maneno ni bure.

Jua na vumbi

Rangi ya giza juu ya mandhari nyepesi, au njano juu ya nyeusi, husomeka jua likiwa kali. Nyekundu huvutia siku ya kwanza, lakini juani ndiyo inayowahi kupauka, na mara nyingi ndiyo iliyopewa mstari muhimu. Mwaka ukiisha, bango linabaki na namba ya simu bila jina. Mstari wa kupaza uwe mweusi au wa buluu ya giza. Nyekundu ibaki kwenye pambo.

Vumbi hukaa juu ya kila kitu, na herufi nzito hulistahimili kuliko nyembamba. Lakini herufi yenye kivuli, mzingo na rangi mbili hulikusanya kwa macho: kila pambo la ziada ni ukungu mmoja zaidi. Slabu nzito ya mlazo imeshapambwa na umbo lake. Iache bila kivuli.

Kabla ya kulipa

Usilikubali bango kwenye skrini ya saiba. Omba lichapishwe kwenye karatasi ya A4, libandike mlangoni, kisha rudi nyuma hatua kumi. Karatasi hiyo ikiwa na upana wa sentimita 30 na bango likiwa na upana wa mita 3, hatua kumi zako ni sawa na hatua mia za mteja. Mwite mtu ambaye hakuliona likitengenezwa, umwombe asome kwa sauti, mara moja, bila kurudia. Sikiliza anaanza na neno lipi. Akianza na neno ulilolilaza na kulinenepesha, umefaulu. Akianza na kitu kingine, au akisita katikati, kuna neno linalomzuia. Mwulize ni lipi, usimweleze.

Kisha rekebisha kwa mpangilio huu. Kwanza ondoa mlazo, kwa maana ndio unaogharimu usomaji na kuleta faida ndogo zaidi. Bado anasita? Punguza unene hatua moja. Bado? Punguza maneno. Slabu iwe ya mwisho kuondoka, na mara nyingi hutafika huko: ikisimama wima, kwa unene wa kadiri, itaendelea kusomeka hata baada ya jua la Ijara kumaliza kazi yake kwenye rangi nyingine zote.